Mtu wa Kunipokea

Dharlapar, 9 Novemba 1993

Kwako Bubu, dada yangu mkubwa,

Assalamu alaykum, wewe na Amma na wote waliomo uani. Huku mimi sijambo, kifua tu ndicho kinachonisumbua, maana baridi ya kaskazini imeingia mapema na dirisha la chumba changu halijawahi kufungika tangu nipange kwa mzee Tofail. Nimemwambia, akanijibu kwamba hewa safi ni dawa. Bei ya mchele imepanda. Sukari nimeiacha mwenyewe.

Sasa kaa chini, kama umesimama. Uhamisho wangu umekubaliwa. Miaka kumi na moja nimekuwa nikiomba, na safari hii wamekubali kwa sababu niliyoandika, kwamba mama yangu ni mtu mzima sana na mimi ndiye mtoto wake wa kiume pekee. Wamenipa ofisi ya ukaguzi ya mjini kwenu, saa moja tu kwa boti hadi Nolchhira. Nitakuwa nalala nyumbani, Bubu. Nitakuwa nakula wali wako kila jioni hadi unichoke.

Kimebaki kitu kimoja. Kwetu mkaguzi haondoki mpaka afike mtu wa kumpokea, akae kwenye kiti chake, na wote wawili watie sahihi siku hiyohiyo. Ikama ya ofisi hii ni watu tisa. Tupo watatu: Sar, ndiye mkuu wetu, Nitai babu, yule bwana wa Kihindu unayemjua kwa barua zangu, na mimi. Tarishi alistaafu mwaka juzi, kwa hiyo chai tunapika wenyewe na Nitai babu anaiharibu kila siku. Sisi watatu tunakagua shule, zahanati na halmashauri zote za wilaya nne. Lakini wamesema mtu wangu ameshateuliwa. Mwambie Amma avumilie kidogo tu.

Ndimi mdogo wako,
Motaleb


Nolchhira, 24 Novemba 1993

Motu,

Wa alaykum salaam. Barua yako imefika, na kama kawaida umeandika nusu ya karatasi upande wa kushoto na upande wa kulia umeuacha mweupe. Mimi ni dada yako, si mwalimu mkuu anayejibu hoja zako za ukaguzi. Siku nyingine nitaandika majibu humohumo nikurudishie, tuone utafurahi vipi.

Sisi hatujambo. Ng'ombe amezaa dume, hasara tupu. Binti yangu Shefali yuko Khulna kwa mumewe, mimba ya tatu, na anasema hataki kusikia habari ya nne. Utomvu wa mitende umeanza kugemwa, sukari guru ya kwanza nimekuwekea kwenye chungu.

Amma nilimsomea barua mara tatu. Ya kwanza aliendelea kupeta mchele. Ya pili akaniambia nisome polepole. Ya tatu akainuka, akafungua fundo la pesa zake kwenye pindo la sari, akanituma ninunue halua tugawie majirani. Sasa hakuna mtu kuanzia hapa hadi gatini asiyejua kwamba mwanawe mkaguzi wa serikali anarudi. Kitanda cha marehemu Baba amekitoa nje kipigwe jua. Tena ameanza upya habari ya kukuozesha. Nimemwambia, "Amma, mtoto ana miaka arobaini na sita na upara, nani atampa bintiye?" Akasema upara ni dalili ya akili.

Yeye mzima. Miguu inavimba kidogo jioni, uzee tu. Usianze maswali yako.

Anasema nikuandikie hivi: "Njoo, baba, nikuone ukila."

Anjuman


Dharlapar, 2 Januari 1994

Bubu,

Salamu kwako na kwa Amma, na hongera kwa ndama hata kama ni dume. Huku ukungu hauinuki mpaka saa tano. Nitai babu anaumwa kisukari na kidonda cha mguuni hakiponi, lakini ukimwambia apumzike anakuuliza nani atakagua zahanati, wewe?

Mtu wangu wa kunipokea alikuja. Nisikilize vizuri, maana hata mimi sijaelewa bado. Alikuja asubuhi, bwana mmoja mwembamba amevaa sweta jipya. Nikamkabidhi funguo za kabati, muhuri, mafaili. Nikampa kiti changu, akakikalia, akakisifu. Tukatia sahihi sote wawili. Nitai babu akaleta chai, akainywa bila kukunja uso, nikasema huyu mtu mvumilivu, atafaa. Baada ya chakula cha mchana akatoa mfukoni barua nyingine. Ameazimwa makao makuu, aripoti Dhaka mara moja. Ana mjomba huko. Akanirudishia funguo, akaniomba radhi, akawahi basi la saa tisa.

Kwa hiyo kwenye karatasi kiti changu kina mtu, na mshahara wake unahesabiwa hapa kwetu. Nikamfuata Sar, nikamwambia, "Sar, nimeshapokewa. Niruhusu niende." Akavua miwani. "Motaleb Mia," akasema, "umepokewa na karatasi. Karatasi hiyo itapanda boti kwenda kukagua shule za visiwani? Viporo ni vya miaka miwili. Vimalize kufikia mwisho wa Machi, nami nitakuachia kwa mikono miwili."

Alisema mbele ya Nitai babu, kwa hiyo nina shahidi. Tumeamua tutavimaliza. Tunafanya kazi hata Ijumaa baada ya swala, na Nitai babu anakuja bila kuombwa, anasema anataka nifike kwa mama yangu kabla sijawa mzee kuliko yeye. Machi si mbali.

Motaleb


Nolchhira, 30 Januari 1994

Motu,

Salamu. Shefali amejifungua salama, mtoto wa kike, wamemwita Tahmina. Mwezi wa Ramadhani unakaribia na paa la jiko limeanza kuvuja.

Huyo bwana wa sweta Mungu atamlipa anavyostahili. Na wewe vilevile, uliyempa kiti kwa adabu zote. Ungemfungia ndani.

Amma hataki nikuandikie juu ya afya yake. Anasema mtu akiwa kazini kwa serikali hasumbuliwi. Basi sikuandikii. Sikuandikii kwamba daktari wa sokoni alikuja. Sikuandikii kwamba amesema alale kwa mito miwili. Chakula anakula, akitaka.

Njoo Idi. Mengine yote tutazungumza ukija. Siku tano tu, Motu. Nitai babu si wa dini yetu, si atakushikia ofisi? Yeye umuachie wakati wa Puja, sikukuu yao, na yeye akuachie Idi. Mbona watu wote hufanya hivyo.

Anasema: "Mwambie asivae shati la mikono mifupi, baridi bado ipo."

Anjuman


Dharlapar, 22 Machi 1994

Bubu wangu,

Idi mubarak, ingawa imechelewa. Najua umeninunia. Nitai babu alikuwa tayari kunishikia, tena aliniambia mwenyewe, "Nenda, bwana wewe, viporo havikimbii." Ni mimi niliyekataa. Nilipiga hesabu nikaona nikienda siku tano, na njiani siku mbili kwenda na mbili kurudi, hatutamaliza Machi, na Sar atapata sababu. Nikasema Idi moja tu, kisha nakuja moja kwa moja. Siku ya Idi niliswali, nikarudi ofisini. Mke wa Nitai babu akatuletea mikate ya kukaanga na viazi, tukala juu ya mafaili.

Na tumemaliza, Bubu! Juzi alasiri tumefunga faili la mwisho. Miaka kumi na moja niko hapa sijawahi kuona zile rafu zikiwa tupu. Nitai babu alipitisha mkono juu ya mbao akasema hata rangi yake alikuwa amesahau. Jana ikaja fomu ya mwaka ya makao makuu kuhusu watumishi na kazi. Pale panapouliza viporo vilivyobaki, kila mwaka Sar huandika mia tatu na kitu. Safari hii kanipa mimi niandike. Nikaandika: Hakuna. Niliandika kwa herufi kubwa, Mungu anisamehe, nilijisikia kama bwana harusi.

Sar amesoma, ametia sahihi, amesema, "Sasa tungoje tu makao makuu waipokee, nami nikuruhusu." Mwambie Amma sasa ni kweli.

Motaleb


Nolchhira, 12 Aprili 1994

Motaleb,

Salamu kutoka kwangu. Mtoto wa Shefali anaendelea vizuri.

Siku ya Idi Amma alivaa sari mpya tangu alfajiri, akaniambia nimweke mlangoni. Sikuwa nimemwambia kwamba huji, kwa sababu na wewe hukuwa umeniambia. Akakaa mpaka wageni wote wakaja wakaondoka. Tambi za maziwa nilizompa alizishika tu mkononi zikapoa. Adhuhuri akasema, "Boti imechelewa leo." Nikamwambia ndiyo.

Sasa nakwambia, hata akinikasirikia. Anaumwa. Ni moyo. Maji yamejaa miguuni yamepanda hadi mapajani, na usiku hawezi kulala chali. Wiki iliyopita mkwe wa jirani aliingia kuomba ngazi, Amma akamshika mkono akamwita Motu, hakutaka kumwachia. Kijana wa watu akakaa pale saa nzima, akaitikia tu. Ana adabu kuliko wewe.

Sitaki rafu zako tupu. Omba ruhusa ya siku kumi, au ya siku mbili, au usiombe. Njoo.

Safari hii hakuniambia neno la kukuandikia. Alikuwa amelala.

Anjuman


Dharlapar, 25 Mei 1994

Bubu,

Salamu kwako, na kwa Shefali na mtoto. Joto limekuwa kali, na feni ya ofisi imekufa.

Barua yako niliipata, nikaenda nayo kwa Sar mkononi. Nilimkuta anafunga sanduku. Amehamishiwa Dhaka, na yeye alipokewa siku hiyohiyo, na mtu aliyempokea ni mimi. Sasa mimi ndiye kaimu mkuu wa ofisi. Nicheke au nilie?

Halafu makao makuu wakajibu ile fomu. Nikuandikie kama ilivyoandikwa, maana nimeshaikariri: "Kwa kuwa kazi yote imekamilishwa na watumishi waliopo bila kiporo, nafasi zilizo wazi zinafutwa katika ikama." Zimefutwa, Bubu, hazipo tena. Kwa hiyo hakuna mtu atakayeletwa hapa, kwa sababu hakuna nafasi ya kuletewa mtu. Ile nafasi ya yule bwana wa sweta wamemwachia yeye, kwa kuwa kwenye karatasi anafanya kazi. Nitai babu aliposikia alicheka mpaka akashika ukuta. Akaniambia, "Tungekuwa wavivu kama wenzetu, leo ungekuwa nyumbani unakula samaki." Wiki iliyofuata wakamkata mguu. Bado yuko hospitali na hatarudi kazini. Nimebaki peke yangu.

Neno lile niliandika mimi, kwa mkono wangu. Kila nikiamka nalikumbuka.

Nikaandika maombi mapya ya kuruhusiwa. Maombi hupitia kwa mkuu wa ofisi, naye hutoa maoni. Mkuu wa ofisi ni mimi. Fomu inauliza, "Je, yupo mtumishi wa kupokea kazi?" Nilikaa nayo asubuhi nzima. Nikaandika: Hayupo. Ningeandika nini? Hayupo kweli.

Juni ndiyo mwisho wa mwaka wa serikali. Shule za visiwa vya mchanga nisipozikagua kabla ya tarehe thelathini, walimu wake hawatalipwa mishahara ya Julai. Walikuja wawili, wakakaa kwenye benchi nje mpaka nilipofunga ofisi. Nakwenda huko kwa boti ya kukodi, ofisi naifunga, nikirudi tu naondoka kuja kwako hata kama ni kwa kutoroka. Wiki tatu, Bubu. Naapa.

Motaleb


Nolchhira, 3 Juni 1994

Motu,

Hukuuliza hali ya Amma. Barua nzima, pande zote za karatasi, na hukuuliza. Nadhani najua kwa nini, kwa hiyo nakujibu bila kuulizwa. Ni mbaya. Daktari wa mjini amesema tuite watu wake. Watu wake ni wewe. Njoo sasa hivi.

Anjuman


TELEGRAMU. NOLCHHIRA 8 JUNI 1994

AMMA HALI MBAYA NJOO HARAKA ANJUMAN


Nolchhira, 13 Juni 1994

Motaleb,

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Amma ametuacha jana, Jumapili, baada ya swala ya alasiri. Tumemzika leo asubuhi kando ya Baba.

Nilipiga simu ofisini kwenu kutoka duka la Haripada pale sokoni. Nilipiga siku tatu mfululizo. Inalia wee mpaka inakatika. Haripada hakunidai.

Kwenye jeneza, mahali pako alisimama yule mkwe wa jirani.

Anjuman


Dharlapar, 27 Juni 1994

Bubu,

Nimerudi leo kutoka visiwani. Barua na telegramu vilikuwa sakafuni nyuma ya mlango, vimesukumwa chini na mtu wa posta. Hakukuwa na mtu wa kuvipokea. Nitai babu angekuwepo, hata na mguu wake mmoja, angenitumia boti siku ileile.

Unajua nilifanya nini? Nilivipanga kwa tarehe. Nikaanza kusoma cha tarehe tatu, nikamaliza, nikashika cha tarehe nane, nikamaliza. Hivyo ndivyo mkono wangu ulivyozoea. Yaani kwa dakika chache Amma alikuwa bado mgonjwa, nami nilikuwa nafikiria basi la saa ngapi.

Siwezi kuandika zaidi leo. Nimepeleka maombi ya ruhusa ya msiba moja kwa moja makao makuu ili niwepo siku ya arubaini. Nimeeleza kila kitu. Niambie alikuwaje. Niambie kama aliniuliza.

Motaleb


Nolchhira, 8 Julai 1994

Motu,

Salamu. Mvua hazikatiki, ua wote ni tope. Nimepata kikohozi.

Umetaka kujua. Siku za mwisho alikuwa hasemi sana. Asubuhi alikuwa ananiuliza, "Motu ameondoka huko?" Nilikuwa namwambia ameshaondoka. Kesho yake anauliza umefika wapi. Nikamwambia umevuka kivuko cha Aricha. Kesho yake uko Dhaka. Siku iliyofuata uko kwenye meli ya usiku unakuja. Nilikusafirisha polepole, nikakupa na mahali pa kulala, kwa sababu nilijua ukifika tu nitakosa la kusema. Jumapili ile aliponiuliza nikasema boti yako imefunga gatini. Akaniambia nikuwekee wali. Nikaenda jikoni nikaweka kweli, maana alikuwa anasikiliza sauti ya vyombo. Niliporudi alikuwa amekwisha kwenda.

Nimekudanganyia, na amekufa akiamini. Sijui kama nimefanya vibaya. Hakuna wa kumuuliza humu ndani.

Arubaini yake ni tarehe ishirini na mbili. Nimemwambia mchinjaji, na Shefali atakuja na watoto. Wakikunyima ruhusa, safari hii usiwaombe tena. Funga mlango uje.

Anjuman


Dharlapar, 20 Agosti 1994

Bubu,

Salamu kwako. Pole ya kikohozi, kunywa majani ya basaka, ile dawa ya kifua.

Arubaini imepita na sikuja. Nitakueleza bila kujitetea. Tarehe kumi na tisa, ruhusa ilikuwa haijajibiwa. Nikafunga ofisi, nikatia funguo mfukoni, nikaenda stendi na begi. Nikakata tikiti. Basi lilikuwa limeshawashwa. Kondakta akaniambia, "Mzee, panda au shuka, tunaziba njia." Nikashuka. Si kwa sababu ya serikali, ingawa ningepoteza pensheni na wangeniita mtoro. Niliogopa kuingia pale uani nikakuta kitanda hakina mtu. Hapa bado yupo, Bubu. Nikiwa hapa, yeye yuko huko nyumbani ananingoja kama miaka yote. Nilitaka kubaki hivyo kidogo. Najua ni uoga na nimekuacha peke yako na wageni.

Jana jibu la makao makuu limekuja. Ruhusa ya msiba imekataliwa, kwa kuwa tarehe iliyoombwa imeshapita. Chini yake kuna aya ya pili. Wameandika kwamba uhamisho wangu ulitolewa kwa sababu ya mama mzazi mzee. Kwa kuwa mimi mwenyewe nimeripoti kifo chake, sababu hiyo haipo tena. Kwa hiyo uhamisho umefutwa na nitaendelea na kituo hiki.

Nimeisoma mara nyingi nikitafuta kosa. Kazi yangu ni kutafuta makosa. Haina kosa. Ningekuwa mimi huko juu ningeandika hivyohivyo.

Viporo vimeanza tena. Rafu ya chini imejaa. Mimi sina nguvu ya kuvigusa, nakuja asubuhi nafungua mlango, nakaa, jioni nafunga. Nitai babu anakutumia salamu. Amejifunza kutembea kwa magongo hadi dukani.

Sijui nikuandikie nini tena.

Motaleb


Nolchhira, 6 Septemba 1994

Motu,

Wa alaykum salaam. Kikohozi kimepungua. Yule ndama dume nimemuuza. Shefali aliondoka siku ya tatu baada ya arubaini, mumewe ana kazi zake, na tangu hapo nyumba ni mimi na bibi anayekuja kufagia asubuhi. Jioni napika wali wa mtu mmoja na kila siku unazidi.

Barua yako nimeisoma. Uoga wako nimeusamehe palepale, maana hata mimi kitanda kile nakipita nikiwa nimegeuza uso. Hilo liache.

Jingine ndilo limenikaba. Nimezitoa barua zako zote tangu ulipokwenda huko, nikazisoma upya, zile za kila mwaka uliponiambia umeomba uhamisho na umeandika sababu gani. Miaka kumi na moja. Kila mwaka umeandika: nina mama. Mimi ndiye niliyekuwa namwosha, nikimgeuza, nikimkokota hadi mlangoni. Mume wangu alikufa nikiwa na miaka ishirini na tisa, nikarudi hapa, na sasa nina hamsini na tano. Hakuna mwaka hata mmoja ulipoandika: nina dada.

Sikulaumu sana. Nadhani hata mimi kama ningeulizwa nani yuko nyumbani kwetu Nolchhira, ningejibu Amma.

Lakini sasa hayupo, na mimi bado nipo. Chukua fomu nyingine, Motu. Pale wanapouliza sababu, niandike mimi. Jina langu lote, Anjuman Ara, na umri. Wakikuuliza anaumwa nini, waambie haumwi kitu, yuko peke yake tu.

Anjuman